Kwa nini ukungu wa London haumo katika jedwali la vifo

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa afya ya jamii. Kwa ajili ya tasnifu yangu nimekuwa nikisoma ripoti za kila mwaka za Mganga wa Afya (daktari mkuu wa afya ya umma wa halmashauri) wa Stepney, mashariki ya London, za miaka ya 1950. Jedwali la sababu za vifo linaweka moyo, saratani na mkamba (uvimbe wa njia za hewa kifuani) juu, huku kifua kikuu kikiwa kimeshuka sana. Hata hivyo, kurasa nyingi za ripoti zinahusu panya, maziwa, vyoo na nyumba mbovu. Nao ukungu wa Desemba 1952, ambao husemwa uliua maelfu, sikuuona popote katika jedwali la mwaka huo. Je, ofisi hiyo haikujua kilichokuwa kikiwaua watu wake? Na je, naweza kulinganisha majedwali haya na ya miaka ya 1930?

Jibu: Nitaanza na ukungu, kwa sababu ukishaelewa ni kwa nini haumo katika jedwali, utakuwa umeelewa jinsi jedwali lenyewe linavyotengenezwa, na maswali yako mengine yatajibika kwa urahisi zaidi.

Jedwali ulilo nalo lina mistari 36. Orodha hiyo haikutungwa Stepney. Ilitoka katika ofisi ya Msajili Mkuu wa Uingereza na Wales, inayosajili vizazi na vifo, ikiwa ni ufupisho wa orodha ya kimataifa ya magonjwa ambayo Shirika la Afya Duniani liliifanyia marekebisho ya sita mwaka 1948, na ikaanza kutumika katika takwimu za vifo za nchi hiyo mwaka 1950. Mstari wa kwanza ni kifua kikuu cha mapafu. Wa 36 ni mauaji pamoja na vifo vya vita. Katikati zimo saratani za viungo mbalimbali, kiharusi, magonjwa ya moyo, nimonia, mkamba, ajali na kujiua. Ukiipitia yote hutakuta mstari wa moshi, wala wa baridi, wala wa chumba chenye unyevu ambamo watu sita wanalala. Orodha imejengwa ili kila marehemu apate mstari mmoja tu, na mstari huo uwe ni ugonjwa au jeraha. Kilichouleta ugonjwa kutoka nje ya mwili hakina pa kuandikwa, isipokuwa pale kinapokuwa gari, kisu au sumu.

Sasa tazama yaliyotokea. Kuanzia Ijumaa tarehe 5 hadi Jumanne tarehe 9 Desemba 1952, hewa baridi ilikwama juu ya London chini ya tabaka la hewa yenye joto zaidi. Upepo ulitulia, na moshi wa meko ya makaa ya mawe yaliyokuwa karibu katika kila sebule, pamoja na ule wa vinu vya umeme vilivyojengwa ndani ya jiji lenyewe, kama kile cha Battersea, ukakosa pa kwenda. Masizi na gesi ya salfa vilichanganyika na ukungu wa kawaida wa mto Thames. Mabasi yalisimamishwa, na onyesho la opera katika ukumbi wa Sadler's Wells lilikatizwa kwa sababu ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani. Katika juma lililoishia tarehe 13 Desemba, vifo vilivyosajiliwa katika London Kuu vilifika 4,703, ilhali katika juma kama hilo la mwaka uliotangulia vilikuwa 1,852. Vifo vya mkamba katika eneo la Kaunti ya London viliongezeka zaidi ya mara tisa kwa juma moja, na vile vya mishipa ya moyo viliongezeka zaidi ya mara mbili. Waliokufa wengi wao walikuwa wazee wenye vifua au mioyo ambayo tayari ilikuwa dhaifu, na pia watoto wachanga.

Ili uone walivyoingia katika jedwali, tuchukue mtu mmoja wa kubuni: mzee wa miaka 68, aliyekuwa kuli gatini kwa muda mrefu wa maisha yake, anayeishi na mkewe katika vyumba viwili karibu na bandari. Kila msimu wa baridi anakohoa na kutoa makohozi. Siku ya tatu ya ukungu pumzi inambana, midomo inageuka rangi, na usiku wa siku ya nne anafariki kitandani. Daktari wake anajaza cheti cha kifo. Sehemu ya kwanza ya cheti ina mistari mitatu, a, b na c, ambayo inatakiwa isomwe kama mnyororo: hiki kilisababishwa na hiki, nacho kilisababishwa na kile. Sehemu ya pili ni ya magonjwa mengine yaliyochangia. Daktari anaandika katika (a) nimonia, katika (b) mkamba sugu, na katika sehemu ya pili shinikizo la damu. Cheti kinafika kwa makarani wa Msajili Mkuu, nao kwa kanuni zao wanachagua sababu ya msingi, yaani ile iliyoanzisha mnyororo. Mzee wetu anahesabiwa katika mstari wa 24, mkamba. Lakini kama daktari, kwa uchovu wa juma lile, angeandika nimonia peke yake, mzee angekwenda mstari wa 23. Na kama daktari mwingine, aliyemfahamu zaidi kwa moyo wake, angeandika kushindwa kwa moyo kulikotokana na kuchakaa kwa misuli ya moyo, angekwenda mstari wa 20, magonjwa mengine ya moyo. Mtu ni yuleyule, chumba ni kilekile na hewa ni ileile, lakini mistari ni mitatu tofauti. Hakuna aliyedanganya hapo.

Kwa hiyo vifo vya ukungu vimo ndani ya jedwali lako la mwaka 1952, ila vimesambazwa. Kuviona kunahitaji hesabu ya aina nyingine kabisa: kuhesabu vifo vyote kwa juma au kwa siku, bila kujali sababu iliyoandikwa, kisha kuvilinganisha na vinavyotarajiwa katika majira hayo. Ndivyo Wizara ya Afya ilivyofanya, na ripoti yake ya mwaka 1954 ikakadiria vifo takribani 4,000. Ongezeko la vifo lililoendelea mwezi Januari na Februari 1953 ililihesabu kando, likielezwa kuwa ni la homa ya mafua. Mwaka 2001 watafiti Michelle Bell na Devra Davis waliirudia hesabu hiyo. Walionyesha kuwa mafua peke yake hayatoshi kueleza ongezeko hilo, na wakakadiria vifo kufikia karibu 12,000. Ona kwamba mabishano haya ya nusu karne hayakuhusu idadi ya maiti. Yalihusu wapi pa kukata kalenda na jina gani la kuwapa waliokufa baada ya hewa kusafika. Nakusihi usitumie namba moja kati ya hizi mbili katika tasnifu yako bila kusema inahesabu mpaka tarehe gani.

Jambo zito zaidi kuliko zile siku tano ni kwamba mkamba uliua wakazi wa miji ya Uingereza kila mwaka, hata katika miaka ambayo hakuna ukungu uliosifika. Kiwango chake huko kilikuwa juu kuliko katika nchi nyingine zilizoendelea, kiasi kwamba madaktari wa nje waliuona kuwa ni ugonjwa wa Waingereza. Uliwashika zaidi wanaume kuliko wanawake, maskini kuliko matajiri, na wa mijini kuliko wa mashambani. Moshi wa viwandani na majumbani ulikuwa sehemu ya sababu. Sigara ilikuwa sehemu kubwa nyingine. Na kazi za vumbi pamoja na nyumba zenye unyevu vilichangia. Mstari wa 24 katika kila ripoti uliyo nayo, hata ya mwaka usio na tukio lolote, ndio mahali ambapo hewa ya Stepney iliandikwa bila kutajwa jina. Usome mstari huo kwanza, kisha utafute katika ripoti hiyohiyo sehemu inayozungumzia uchafuzi wa hewa, ambamo mara nyingi kuna vipimo vya masizi yaliyoanguka katika mwezi.

Ndiyo maana nasema ofisi ile ilijua. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 ilipopita, halmashauri za wilaya za London zilipewa mamlaka ya kutangaza maeneo ambamo hairuhusiwi kutoa moshi kwenye dohani. Kazi ilikuwa ya nyumba kwa nyumba. Mabwana afya walipita wakihesabu meko, wakieleza ni lipi libadilishwe ili lichome makaa yasiyotoa moshi, na mwenye nyumba akarudishiwa saba ya kumi ya gharama kutoka fedha za umma. Ukisoma ripoti za mwishoni mwa miaka ya 1950 utakuta ramani na orodha za mitaa iliyotangazwa, moja baada ya nyingine. Kurasa hizo huchosha, nakiri, lakini ndizo jibu la mstari wa 24.

Hapo tumeingia katika swali lako la kwa nini ripoti inazungumza mno juu ya panya, maziwa na vyoo. Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Ofisi ya Mganga wa Afya ilizaliwa katika karne ya 19, wakati wa kipindupindu. Daktari John Simon aliteuliwa kuwa Mganga wa Afya wa City of London, kitovu cha kale cha jiji, mwaka 1848, na sheria ya mwaka 1855 ikazilazimisha mamlaka za mitaa za London yote kuwa na ofisa wa namna hiyo. Majukumu yake yaliandikwa kwa kuzingatia maradhi ya wakati ule: maji, kinyesi, nyumba zilizojaa kupita kiasi, chakula kilichooza. Ilipoanzishwa Huduma ya Taifa ya Afya tarehe 5 Julai 1948, hospitali ziliwekwa chini ya bodi za mikoa, na chanjo, wakunga na wauguzi wanaotembelea majumbani, kwa upande wa London, wakawekwa chini ya Baraza la Kaunti. Halmashauri ya wilaya kama Stepney ikabaki na ukaguzi wa mazingira, chakula, makazi na udhibiti wa magonjwa ya kuambukiza. Mganga yule hakuwa na kitanda hata kimoja cha hospitali wala kliniki ya moyo. Aliandika juu ya mambo aliyokuwa na mamlaka nayo. Ndugu zetu waliofanya kazi ya ubwana afya Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam wakati wa ukoloni waliirithi ofisi hii karibu na majukumu yake yote, na msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua sura yake mara moja.

Sababu ya pili ni kwamba maradhi yasiyoonekana tena katika jedwali yalikuwa yamezuiwa, hayakuwa yametoweka yenyewe. Chukua dondakoo. Mwaka 1940 Uingereza na Wales zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 46,000 na vifo karibu 2,500, karibu vyote vya watoto. Kampeni ya taifa ya chanjo ilianza wakati huohuo, vita vikiendelea, na kufikia miaka ya 1950 mstari wa 4 katika jedwali la wilaya nyingi ulikuwa na sifuri mwaka baada ya mwaka. Wazazi vijana ambao hawakuwahi kumwona mtoto akikabwa koo walianza kulegea, na ndiyo sababu waganga wengi waliendelea kuandika aya nzima kuhusu ugonjwa ambao haukuua mtu. Sifuri ile ilikuwa inagharimu kazi. Polio ilikwenda njia nyingine: mwaka 1947 ilizuka na kugonga watu zaidi ya 7,000 nchini, na chanjo yake haikuanza kutolewa huko hadi 1956, hivyo katika ripoti zako za mwanzo wa muongo huo utaiona kama hofu ya kila kiangazi.

Kifua kikuu kinahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu hapa jedwali la vifo linaweza kukupotosha kabisa. Mwaka 1948 kiliua zaidi ya watu 20,000 katika Uingereza na Wales. Mwaka 1960 kiliua pungufu ya 4,000. Kuporomoka huko kulitokana kwa sehemu kubwa na dawa. Jaribio la streptomaisini lililosimamiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba lilichapishwa mwaka 1948, likaonyesha pia kwamba vijidudu hujenga usugu dawa hiyo ikitumika peke yake. Ikaongezwa dawa iliyoitwa kwa kifupi PAS, kisha nyingine, isoniazidi, mwaka 1952, na matibabu ya dawa kadhaa kwa pamoja yakawageuza waliokuwa wakifa kuwa watu wanaoishi. Lakini mtu anayeishi na kifua kikuu bado anahitaji kitanda chake mwenyewe, na pengine bado anaambukiza. Kwa hiyo idadi ya wagonjwa wapya walioripotiwa ilishuka polepole kuliko vifo. Picha za eksirei za umma, zilizoanza mwaka 1943 na kuzungushwa viwandani na mitaani, ziliibua hata wagonjwa ambao zamani wasingejulikana. Mganga aliyekuwa akiandika juu ya msongamano wa watu vyumbani wakati vifo vya kifua kikuu vikishuka hakuwa amepitwa na wakati. Alikuwa akihesabu walio hai. Tafuta jedwali la wagonjwa walioripotiwa kwa umri na jinsia, uliweke kando ya jedwali la vifo, na utaona ugonjwa uleule ukisimulia habari mbili.

Tuje kwenye moyo na saratani. Saratani ya mapafu ndiyo iliyobadilisha sura ya jedwali kuliko ugonjwa mwingine wowote. Vifo vyake vilivyoandikishwa katika Uingereza na Wales vilipanda kutoka 612 mwaka 1922 hadi 9,287 mwaka 1947, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 vikavipita vya kifua kikuu. Wapo waliosema ongezeko lote ni la eksirei na utambuzi bora. Wapo waliolaumu moshi wa magari na lami ya barabara. Watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwahoji wagonjwa katika hospitali 20 za London, wakachapisha matokeo yao mwezi Septemba 1950 yakionyesha uhusiano mkubwa na uvutaji wa sigara. Wakati huo wanaume wapatao wanane kati ya kumi walikuwa wakivuta tumbaku ya namna moja au nyingine. Serikali ilikubali uhusiano huo hadharani mwaka 1954, kwa maneno ya tahadhari nyingi. Taarifa kali ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari haikuja hadi 1962. Ukikuta ripoti ya Stepney ya katikati ya miaka ya 1950 imeitaja saratani hii kwa sentensi mbili tu, usimhukumu mwandishi wake haraka. Hakuwa na sheria yoyote ya kumwezesha kugusa sigara, ilhali kwa dohani aliipata. Hata hivyo linganisha wanaume na wanawake katika mstari wa 11. Tofauti kati yao ni ushahidi ambao wakati ule ulikuwa mezani kwa kila mganga wa afya.

Kuhusu mishipa ya moyo, yaani mstari wa 18, unapaswa kujua kwamba sehemu ya kupanda kwake ni ya kalamu. Kabla ya vita madaktari wengi walipomwona mzee amefariki waliandika kuchakaa kwa misuli ya moyo au uzee. Kipimo cha umeme wa moyo kilipoenea na mafundisho ya vyuoni yakabadilika, maneno yaliyokuja haraka kwenye kalamu yalikuwa kuziba kwa mshipa wa moyo. Mtafiti Jerry Morris alilishughulikia swali hili kwa kupitia kumbukumbu za uchunguzi wa maiti za Hospitali ya London, iliyoko Whitechapel, ndani ya Stepney yenyewe, na mwaka 1951 akaonyesha kwamba ongezeko lilikuwa pia la kweli. Miaka miwili baadaye akachapisha utafiti wake wa wafanyakazi wa mabasi ya London: madereva, wanaokaa kutwa, walipatwa na ugonjwa huo zaidi kuliko makondakta wenzao, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Kwa hiyo ukiuona mstari wa 18 umepanda na wa 20 umeshuka katika miaka ileile, ujumlishe kwanza. Kinachobaki baada ya kujumlisha ndicho cha kueleza.

Hospitali hiyo ya Whitechapel inaleta jambo lingine ambalo wanafunzi wengi hawalioni. Watu kutoka kila pembe ya mashariki ya London walifia humo. Kama vifo vyote vingehesabiwa Stepney, wilaya ingeonekana kama machinjio. Kwa hiyo ofisi ya Msajili Mkuu iliwarudisha marehemu kwenye takwimu za makazi yao, na kuwarudishia Stepney wakazi wake waliofia kwingine, katika sanatoria kwa mfano, yaani hospitali za wagonjwa wa kifua kikuu. Hakikisha jedwali unalotumia ni lile la baada ya uhamisho huo. Baadhi ya majedwali ya ndani ya ripoti, hasa yanayotokana na daftari za wilaya, huenda si hivyo, na ukichanganya aina hizo mbili utapata jumla zisizopatana.

Vilevile tazama ni watu gani waliobaki. Stepney ilikuwa na wakazi zaidi ya 225,000 mwaka 1931. Mashambulizi ya mabomu yaliyoanza tarehe 7 Septemba 1940 yalilenga gati na mitaa inayoizunguka, wengi wakahama, na sensa ya 1951 ikakuta pungufu ya watu 100,000. Familia changa zilipangiwa nyumba katika miji mipya na vitongoji vya mbali. Wazee kwa kawaida hawakuhama. Kiwango ghafi cha vifo kwa kila watu 1,000 kinaweza kupanda katika hali hiyo bila mtu yeyote kuwa mgonjwa kuliko zamani. Ndiyo sababu katika ukurasa wa kwanza wa takwimu utakuta kigezo cha ulinganisho, namba ndogo inayokaribia 1, ambayo kiwango ghafi huzidishwa nayo ili kurekebisha tofauti ya umri na jinsia kati ya wilaya na taifa. Kiwango kilichorekebishwa ndicho cha kukilinganisha na cha nchi nzima, ambacho mwaka 1950 kilikuwa kati ya 11 na 12.

Kwa vifo vya watoto wachanga kuna mtego mwingine, nao ni wa udogo wa namba. Kitaifa habari ni njema: kutoka zaidi ya vifo 150 kwa kila vizazi hai 1,000 mwanzoni mwa karne, hadi karibu 30 mwaka 1950 na karibu 22 mwaka 1960. Lakini chukulia wilaya yenye vizazi 1,500 kwa mwaka. Vifo 36 vinatoa kiwango cha 24. Vifo 45 vinatoa 30. Watoto tisa zaidi katika mwaka mmoja, na mwandishi asiye makini ataandika kwamba afya ya wilaya imerudi nyuma kwa miaka kumi. Tumia wastani wa miaka mitano. Kwa vifo vya uzazi, ambavyo katika miaka ya 1930 vilikuwa karibu 4 kwa kila vizazi 1,000 na kufikia 1950 vimeshuka chini ya 1, jedwali la wilaya moja kwa mwaka mmoja halikwambii lolote: ni mama mmoja, wawili, au hakuna. Kila mmoja wao anastahili kuandikwa, lakini asilimia haziwafai.

Naongeza mistari ya 34 na 35, ajali nyinginezo na kujiua, kwa sababu inahusiana na nyumba kuliko inavyoonekana. Gesi ya kupikia ya wakati ule ilitengenezwa kutokana na makaa ya mawe, na ilikuwa na kaboni monoksaidi, hewa inayoua kimya. Mzee aliyesahau kuwasha jiko baada ya kufungua koki, na mtu aliyeamua kufa, walikufa kwa namna moja. Nani aingie mstari wa 34 na nani wa 35 iliamuliwa na ofisa wa uchunguzi wa vifo, baada ya kusikiliza ushahidi wa ndugu na majirani, katika nchi ambayo hadi mwaka 1961 kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Soma mistari hiyo miwili pamoja kabla ya kusema lolote kuhusu mmoja wao.

Mwisho, kulinganisha na miaka ya 1930. Inawezekana, ila si kwa kila mstari. Hadi mwaka 1939, cheti kilipokuwa na sababu zaidi ya moja, makarani walifuata kanuni za kudumu zilizosema ugonjwa upi unautangulia upi. Kuanzia 1940 walifuata mpangilio wa daktari mwenyewe. Badiliko hilo peke yake lilihamisha vifo vingi kutoka mstari mmoja hadi mwingine, hasa vya wazee waliokuwa na mkamba, moyo dhaifu na maradhi ya figo kwa pamoja. Kisha likaja badiliko la orodha la mwaka 1950. Dondakoo, surua, kifaduro, kifua kikuu cha mapafu, vifo vya uzazi na jumla ya vifo vya watoto wachanga unaweza kuvilinganisha bila wasiwasi mkubwa. Saratani ya tumbo na ya titi pia, kwa tahadhari kidogo. Magonjwa ya moyo yajumlishe yote kwanza, na hata hapo uyatazame kwa walio chini ya miaka 65, ambao madaktari waliwachunguza kwa makini zaidi. Mkamba na nimonia vijumlishe pamoja na ulinganishe kwa miezi ya baridi, kama utafanikiwa kupata takwimu za robo mwaka. Anza na miaka ya 1948 hadi 1953, ambamo kuna majira ya baridi yenye ukungu mkubwa na yasiyo nao, kabla hujarudi nyuma hadi kabla ya vita.